Elfu ishirini ya kwanza ndiyo iliyonimaliza: nilivyotapeliwa kazi ya Likong'o

Mimi ni yule mtu ambaye ikiingia meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" nacheka, namuonyesha mama tunacheka wote, siku nyingine namjibu kabisa tapeli mwenyewe, "sawa baba mwenye nyumba, kodi naileta na kuku juu." Kwa hiyo msidhani aliyelizwa hapa ni mshamba wa simu. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, intaneti naijua, na bado laki mbili za nyumbani kwetu zilikwenda zote kwa vidole vyangu mwenyewe, namba ya siri nikiiandika bila hata kutetemeka.

Ilikuwa Novemba 2023. Nipo nyumbani Mikindani, chuo nimemaliza mwaka na nusu umepita, kazi hakuna, asubuhi namsaidia mama vitumbua, mchana nashinda kwenye simu natafuta matangazo. Watu wa huku wanajua hali ilivyo. Tangu habari za gesi zianze, Mnazi Bay, kiwanda cha Madimba, bomba la kwenda Dar, kila kijana wa Mtwara na Lindi amekua akiambiwa kazi zinakuja soma mwanangu. Halafu ikaja habari ya mradi wa LNG, ule wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, pale Likong'o, Lindi. Juni 2022 serikali na kampuni za nje walisaini makubaliano ya awali, redio zote zikaimba, na sisi tuliokuwa tunamaliza vyuo tukaanza kuhesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Nayasema haya kwa sababu tapeli hakuja na ndoto yake, alikuja kukaa juu ya ndoto ambayo tayari tulikuwa nayo.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye akaniunga kwenye group la WhatsApp la ajira za Kusini. Watu zaidi ya mia tatu. Mwanzoni lilikuwa la kawaida, matangazo ya walimu, ya madereva, mengine ya zamani yanarudiarudiwa. Siku hiyo jioni likawekwa tangazo la kampuni ya ukandarasi, jina la kizungu refu, inatafuta makarani wa stoo, wapishi, walinzi, mafundi umeme, kwa ajili ya "kambi ya maandalizi ya mradi Likong'o". Karani wa stoo mshahara 1,350,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya kampuni. Nikasoma mara tatu. Karani wa stoo si ndo mimi huyo!

Chini ya tangazo watu wakaanza kushukuru. "Mimi nimepata mkataba wangu leo, Mungu ni mwema." Mwingine kaweka picha ya buti mpya na kofia ngumu ya njano. Sasa hivi nikifikiria naona zile shukrani zilikuwa zinakuja dakika chache tu baada ya tangazo, kila mara, na namba zilezile nne au tano, na mtu akiuliza swali gumu anatolewa kwenye group kimya kimya. Siku ile sikuona. Nilichoona ni buti.

Nikatuma CV kwenye imeili waliyotoa, ya gmail. Watu wengi wanasema ukiona gmail kimbia, mimi sikubaliani sana na hilo, kwa sababu huku kwetu wafanyabiashara kibao wa halali wanatumia gmail, hata mwenye hadhiwea kubwa pale mjini anatumia gmail. Kwa hiyo gmail peke yake sio ushahidi. Ila kampuni inayosema ina kambi ya watu mia nane na inalipa karani 1,350,000, halafu imeshindwa kuwa na imeili yake yenyewe, hapo ulitakiwa ujiulize. Sikujiuliza.

Kesho yake saa nne asubuhi napigiwa simu. Sauti ya mtu mzima, imetulia, Kiswahili kimenyooka. "Habari za huko Kusini binti yangu, naongea na fulani?" Akajitambulisha ni meneja rasilimali watu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza maswali mawili ya stoo, ya kweli kabisa, bidhaa ikiingia unaanza na nini, ukikuta upungufu unafanyaje. Nikajibu vizuri, akanisifia, "aisee, wewe umesoma." Jamani. Mwaka mmoja na nusu hakuna mtu aliyeniuliza swali hata moja la kile nilichosomea. Nilikata simu nikalia. Nikimwambia mtu kwamba lile swali la bidhaa ndilo lilinipa imani kuliko barua na mihuri ananishangaa, lakini ndo ukweli wenyewe, alinifanya nijione mtu wa kazi.

Mchana barua ikaingia, PDF, nembo ya rangi, muhuri, saini. "Unatakiwa kulipia fomu ya kufunguliwa faili shilingi 20,000, itarudishwa pamoja na mshahara wa kwanza."

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo.

Ile barua ilikuwa na kosa ambalo mtu wa Dar asingeliona lakini mimi niliona papo hapo. Juu kulia, kwenye anuani, iliandikwa "Likong'o, Mtwara." Likong'o ipo Lindi, mtoto yeyote wa huku anajua. Niliona kabisa, jicho likasimama pale, na unajua nilifanya nini? Nikamtetea. Nikasema moyoni hawa ni wageni, makao makuu yao Dar, wanachanganya tu Lindi na Mtwara kama watu wote wa bara wanavyotuchanganya. Yaani tapeli hakunidanganya pale, nilimsaidia kazi. Na jina la kampuni juu lilikuwa na herufi mbili "l", chini kwenye muhuri moja. Hilo nalo nikalitetea, mtu wa stationery kakosea.

Elfu ishirini nilikuwa nayo, ya vitumbua. Nikaenda kwa wakala kuweka hela kwenye simu, palepale kwake nikatuma. Jina likaja la mwanamke, na meneja ni mwanaume. Wakala, kijana wa mtaani tu tunaitana kaka na dada, akaniona nimeduwaa kwenye skrini akaniuliza, "Dada, jina unalifahamu?" Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nafikiri niliona aibu kuonekana natuma hela kwa mtu nisiyemjua. Baadaye nikampigia meneja kumuuliza akasema, "Huyo ni mhasibu wetu, umefanya vizuri kuuliza binti yangu, uwe makini hivyohivyo hata kazini." Mtu anakusifia kwa umakini huku anakuibia!

Kama kuna sehemu moja ya kusimama ni pale jina linapokuja kabla hujaweka namba ya siri. Jina si la kampuni, ni la mtu binafsi, funga simu uondoke, wala usimpigie kumuuliza maana jibu analo tayari. Kampuni ina akaunti ya benki yenye jina lake au lipa namba yenye jina lake, na hata ikiwa nayo, mwajiri anayetaka umlipe ili akuajiri huyo bado ana matatizo. Hela ya kazi inatoka kwa mwajiri kuja kwako.

Siku mbili mbele, 45,000 za vipimo vya afya. Nikauliza siwezi kupima Ligula, si hospitali ya rufaa ya mkoa ipo hapahapa mjini? Akasema hapana, kampuni ina daktari wake, atakuja kupima wote siku ya kuripoti, hela inatangulia ili dawa na vifaa vinunuliwe. Hapa nilishtuka kidogo, nisiseme uongo. Ila kichwani hesabu ikaja hivi: nikikataa sasa, ile elfu ishirini si imepotea? Na kazi yenyewe je? Nikatuma. Namba nyingine, jina jingine, "laini ya mhasibu imejaa." Nikatuma hivyohivyo.

Hapo ndo ningependa mtu anielewe. Watu wakisikia mtu kapoteza laki mbili wanafikiri alikaa siku moja akatoa laki mbili. Hakuna mtu anatoa laki mbili kwa mgeni. Unatoa ishirini, na baada ya hapo kila kinachofuata unakitoa ili kuilinda ile ishirini. Angeanza na laki mbili ningemcheka kama ninavyowacheka wa "tuma kwenye namba hii."

Na kuna kingine, nilishamwambia mama. Mama kamwambia jirani, jirani kamwambia mtaa, Ijumaa wazee wananiita "mama wa gesi" nikipita barazani. Mjomba kutoka Nanyamba kapiga simu kunipongeza na kuniombea dua. Utarudi vipi nyuma hapo?

Kubwa likaja, 135,000. Sare, buti, kofia ngumu na mafunzo ya usalama, mwisho kesho saa sita mchana, nafasi yako anapewa mwingine. Ile haraka. Nilikuja kujua baadaye kwamba vifaa vya kujikinga kazini ni jukumu la mwajiri kutoa, ipo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mfanyakazi hanunui kofia ngumu yake. Kitu kama hicho nilitakiwa nikijue mtu wa stoo, maana vifaa hivyo ndo tunavitunza na kuvigawa sisi!

Sikuwa nayo. Mama alikuwa na korosho zake ndani, zinasubiri kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mnada haujafika zamu yao. Tukakaa usiku tunaongea kwa kunong'ona. Asubuhi na mapema mama akauza kangomba. Kwa ambao sio wa huku, kangomba ni kuuza korosho kwa mchuuzi pembeni ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, hairuhusiwi, na bei anakupangia yeye. Alichukua kilo kwa 1,000 wakati mnadani ilikuwa inagonga karibu 2,000, na kipimo chake anakijua mwenyewe, mzani ule unasoma anavyotaka mwenye mzani. Gunia na nusu na ushee likaondoka kwa baiskeli. Namkumbuka mama amesimama mlangoni na ungo mkononi anamwangalia yule kijana anavyofunga kamba, hakusema neno, akaingia ndani akakung'uta zile korosho chache zilizobaki sakafuni akazirudisha kwenye kikapu moja moja.

Kwa hiyo tulitapeliwa mara mbili asubuhi moja, na hasara halisi sio 135,000, ni karibu mara mbili yake. Hiyo sikuihesabu siku ile.

Nikatuma saa tano na nusu. Saa sita akanipongeza. "Jumatatu ripoti stendi ya Lindi saa mbili asubuhi, gari la kampuni litawachukua."

Jumatatu nikasimama barabarani Mikindani alfajiri, coaster ya kwanza ya Lindi ikanibeba, begi la nguo, bahasha ya kaki yenye vyeti, mama kanifungia ming'oko, mizizi ya porini kama viazi, ya kuchemsha, na chupa ya chai. Pale njiapanda ya Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, nikampigia meneja, akapokea. "Njoo binti yangu gari lipo njiani." Alipokea! Mpaka leo hilo linaniuma kuliko yote, alikuwa bado anapokea.

Stendi Lindi nikafika kabla ya saa mbili. Saa mbili hola. Saa tatu. Nikaanza kuangalia watu, nikaona kijana mmoja kakaa kwenye begi, ana bahasha ya kaki. Pembeni ya mama muuza chapati kuna dada mwingine, bahasha ya kaki. Tukatazamana watatu kama watu wanaofahamiana kumbe hatujawahi kuonana. Yule kijana katoka Newala kalala njiani, fundi umeme. Dada katoka Nachingwea, mpishi. Tukaweka barua zetu pamoja kwenye benchi, zote namba ya kumbukumbu moja. Zote "Likong'o, Mtwara."

Simu zetu sisi wawili zikawa hazipokelewi. Ya kijana wa Newala ikaita, meneja akapokea akamwambia gari limepata hitilafu, kila mmoja achangie 60,000 ya mafuta na fundi, aitume sasa hivi. Na yule kijana akatuangalia akasema, "Tuchange basi." Msimcheke. Mimi nilifungua pochi kuhesabu. Nilikuwa na 14,000, nikaanza kufikiria nani Lindi naweza kumkopa.

Kilichotuokoa ni mama wa chapati. Alikuwa anatusikiliza muda wote, akageuka akasema, "Nyie wanangu ni wa tatu mwezi huu." Maana yake kundi la tatu. Akamwita bodaboda mmoja anayekaa Likong'o kwenyewe, akatuambia hakuna kambi, hakuna ofisi, kazi hazijaanza, mazungumzo ya mradi bado yanaendelea, na kingekuwepo chochote mwenyekiti wa mtaa angekuwa wa kwanza kujua kwa sababu watu wa pale walishapitia mambo ya kupimwa na kuthaminiwa maeneo yao na wanafuatilia kila gari linaloingia.

Dada wa Nachingwea akakaa chini palepale. Mimi nikala ming'oko. Nilikula yote. Sikuwa na njaa.

Lile la mwenyekiti wa mtaa limenikaa sana. Sisi tunakimbilia kugugo, na kugugo ni vizuri, unaweza pia kuingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuangalia jina la kampuni kama limesajiliwa, mimi niliangalia baadaye halikuwepo. Ila matapeli wengine wanachukua jina la kampuni ya kweli kabisa, usajili utaukuta safi, na wenyewe wenye kampuni hawana habari. Hapo inabidi uitafute namba ya kampuni wewe mwenyewe, isiwe ile ya kwenye barua, upige uulize. Na kama wanasema kazi ipo sehemu fulani, mtafute mtu wa sehemu hiyo. Kusini hii hatuko wengi kiasi cha kukosa ndugu. Mimi nina binamu anaishi Mingoyo, simu ya dakika moja ingenibakishia korosho za mama, sikupiga kwa sababu nilitaka nimshtukize nikiwa tayari nimevaa kofia ya njano.

Nyumbani nilirudi jioni. Mama aliponiona na begi hakuuliza. Akasema tu "Pole mwanangu, maji ya kuoga yapo." Ningeomba anigombeze.

Usiku ule kwa hasira nikafuta chati zote za yule mtu na nikatoka kwenye group. Kosa kubwa. Nilipokuja kupata akili siku ya tatu nikaenda polisi kuandikisha, nikapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa, wakaniomba meseji, sina. Barua ilikuwa imebaki kwenye simu na zile meseji za miamala zilikuwepo, ndo zikasaidia kuandika maelezo. Mtandao wa simu nao nilipiga siku ya tatu, wakaniambia hela ilishatolewa siku ileile. Ukituma kwa tapeli piga huduma kwa wateja hapohapo, dakika hizo hizo, usioge kwanza, usilie kwanza, maana hela ikiwa bado ipo kwenye laini yake kuna uwezekano wa kuizuia, ikishatoka ndo basi. Namba za matapeli unazituma pia kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unatuma ile namba iliyokutapeli. Na kwa kuwa nilikuwa nimewatumia namba yangu ya NIDA na picha, nikapiga *106# kuangalia kama kuna laini nisizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho changu, namshukuru Mungu zilikuwa zangu mbili tu. Bado naangalia kila baada ya muda.

Kuna kitu watu hawakisemi kabisa. Kama wiki mbili hivi baadaye nikapigiwa simu na mtu mwingine, anasema yeye ni wa kitengo cha kufuatilia makosa ya mtandao, wamemkamata yule tapeli Dar, hela zangu zipo, 200,000 kamili anazitaja, natakiwa nilipie 30,000 ya kufungulia ili nirudishiwe. Kaijua hadi tarehe. Sasa aliijua vipi kama sio walewale? Lakini moyo ulipiga, walahi ulipiga, kwa sababu hesabu ni ileile, thelathini kuokoa laki mbili. Safari hii nilimpa simu mama azungumze naye. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Wewe baba, hiyo 30,000 si uikate hukohuko kwenye laki mbili unitumie inayobaki?" Simu ikakatwa.

Hilo swali la mama mimi ndo natumia siku hizi. Fomu, vipimo, sare, mafunzo, vyote sema wakate kwenye mshahara wa kwanza. Wa kweli wengi watakwambia hakuna cha kukata. Tapeli atakasirika.

Kazi nilikuja kupata, sio ya gesi. Msimu uliofuata, 2024, kulikuwa na tangazo la karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, limebandikwa ubaoni, nikapeleka barua kwa mkono. Kuna mambo niliyaona siku ya usaili nikawa nacheka peke yangu. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, joto, feni inalia. Aliyetusaili hakunisifia hata kidogo, alisahihisha jibu langu la pili. Mshahara ulikuwa mdogo, chini ya theluthi ya ule wa kwenye barua, na waliutaja mwishoni kwa sauti ya mtu anayeona haya. Nilivyopata, wakaniomba namba ya NSSF na akaunti ya benki, wakanipa mkataba nikaenda nao nyumbani nikausoma usiku mzima natafuta sehemu ya kulipia. Haikuwepo. Koti la ghala nilipewa, limechanika mfukoni.

Kwa serikalini niseme kwa kifupi tu, maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, Ajira Portal, kutuma maombi ni bure, na hakuna mtu ndani anayeuza nafasi kwa WhatsApp, mwenye kukwambia yupo ni tapeli au anataka kukuingiza kwenye rushwa, yote mawili mabaya. Na nyie mnaoambiwa kuna kazi za ndani Oman, wakala wa kupeleka watu nje lazima awe na leseni, waulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla pasipoti haijatoka mkononi mwenu, huko sio kupoteza korosho tu.

Nimeandika haya leo kwa sababu juzi usiku mtoto wa mjomba, yule wa Nanyamba, kamaliza VETA mwaka huu, kanitumia barua WhatsApp. "Dada nimepata, usimwambie baba kwanza nataka nimshtukize." Nikaifungua. Nembo imebadilishwa, cheo kimebadilishwa, fundi uchomeleaji, mshahara umepanda. Nikaenda moja kwa moja juu kulia. Likong'o, Mtwara. Hawajarekebisha hata hilo.

Nikampigia. Nikamuuliza umeshatuma ngapi.

"Ishirini tu dada."

Nikamwambia usitume nyingine. Akanyamaza, akasema sasa si ile ishirini itakuwa imekwenda bure? Nikamwambia ndiyo, imekwenda, iache iende, usifute chochote kwenye hiyo simu, kesho panda gari njoo Mikindani, nauli nalipa mimi.